Laini ya Brigitha

Brigitha alianza kutangaza mpira wa gemu za televisheni kwa kuchoka tu kukaa kimya. Kazi yake katika banda la mzee Severini, pale Lipangalala, Ifakara, ilikuwa kupokea viingilio mlangoni, na mlango wenyewe ulitazamana na mashine ya kukoboa mpunga, hivyo kutwa nzima pumba zilikuwa zinampeperukia usoni. Ndani vijana walijaa kwenye mabenchi mbele ya televisheni. Wawili wameshika pedi wanacheza, wengine wanasubiri zamu zao na kubishana. Alasiri moja ya mwaka tisini na saba, mvua imewafungia wote ndani na hakuna mteja mpya anayekuja, alibeba kigoda chake akakaa nyuma ya wachezaji, akaanza kusema anachokiona.

Wale wachezaji wa kwenye gemu walikuwa vijitu vidogo vya rangi mbili, vyote vinafanana. Brigitha akavipa majina. Kimoja kilichokuwa kinakimbia pembeni bila kutoa pasi akakiita Dereva wa Kivukoni, kwa sababu hakisimami hadi kifike mtoni. Beki mmoja mzito akawa Gunia la Mchombe. Golikipa akawa Shemeji.

"Dereva wa Kivukoni anampita mmoja," alisema, "anampita wa pili, abiria wanapiga kelele shusha, yeye hashushi. Gunia la Mchombe limedondoka njiani, limepasuka. Anaachia shuti. Shemeji kapokea, kama kawaida yake, kila kinacholetwa nyumbani yeye anapokea."

Banda lilicheka mpaka wachezaji wakaweka pedi chini. Kesho yake watu walifika wakiulizia kama yule dada wa mlangoni atatangaza tena. Wiki ile ile Severini akatafuta mtu mwingine wa kukaa mlangoni.

Wakati huo Brigitha alikuwa anakaribia miaka thelathini, hajaolewa, anaishi nyumba moja na mdogo wake Anselim. Walizaliwa Mchombe. Mama yao alipofariki, Brigitha aliacha mambo yake akashika jembe, akalima mpunga misimu kadhaa ili Anselim aende Morogoro kujifunza ufundi wa redio. Hakuwahi kumkumbusha jambo hilo. Aliamini halihitaji kukumbushwa. Anselim alirudi fundi kweli, na ndiye aliyekuwa anazihudumia mashine za gemu za Severini. Ndiye pia aliyemwombea dada yake kazi ya mlangoni.

Banda lilipozidi kujaa, Severini aliezeka bati nje, akaweka televisheni ya pili na spika kubwa ya honi juu ya mti. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mtangazaji akisema nje kwa spika, wachezaji ndani wanasikia kila kitu, na mmoja akipanga hila, mwenzake anaijua kabla. Anselim akakuna kichwa siku nyingi. Kulikuwa na kampuni ya ujenzi iliyomaliza kazi zake bondeni ikauza vyuma chakavu, na kwenye vyuma hivyo alipata hedifoni nne nzito zenye maiki mdomoni, zile za kuzibia masikio kabisa. Akatengeneza kisanduku cha mbao chenye swichi na matundu ya kuchomekea nyaya. Kila hedifoni ilikuwa na laini yake na swichi yake. Swichi ikiwa juu, laini imefunguka na maneno yanapita kwenda kwa mwenzako. Ikiwa chini, imefungwa, ingawa mlio wa gemu bado unausikia. Wachezaji wawili walivaa hedifoni zao wakabaki wanasikia mlio wa gemu tu. Ya tatu ilikuwa ya mtangazaji. Ya nne ilikuwa ya akiba.

Brigitha alikisafisha kile kisanduku kwa khanga yake siku kilipokamilika, akamwambia mdogo wake kwamba mama angekiona angecheka. Kisha akasubiri apewe hedifoni.

Severini alimwita pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama. Kazi yako nimeiona, sina neno nayo. Lakini humu ndani ni burudani ya vijana. Nje kwa spika ni kitu kingine. Mji mzima unasikia. Wale wa shamba la miwa nao wanakuja kucheza na sisi, wanaume watupu. Mwanamke akiwatangazia mpira wataona nawafanyia mzaha."

"Mbona humu ndani hawaoni mzaha?"

"Humu ndani wamekuzoea," alisema Severini, na hapo akawa amemaliza.

Alimleta Osward. Osward alikuwa mshereheshaji wa harusi, ana sauti nzito ya kupendeza, akisema tu habari za jioni watu wanageuka. Lakini mpira wa gemu hakuujua. Siku ya kwanza alisimama chini ya bati na maiki yake akashindwa kabisa. Vijitu vilimpita machoni. Alikuwa anasema, "Na sasa mpira unaendelea, wapenzi wasikilizaji, mpira unaendelea," mpaka watu wakaanza kuondoka.

Anselim ndiye aliyetoa wazo. Ile hedifoni ya nne avae dada, akae ndani kwenye kile chumba kidogo cha stoo, apewe televisheni ndogo, na Severini aambiwe yuko hapo kuangalia mitambo. Yeye ataona na kusema, maneno yatapita kwenye laini hadi sikioni mwa Osward, na Osward atayatoa kwa spika.

"Maneno yako, sauti yake," Anselim alimwambia dada yake nyumbani. "Ni kwa muda, dada. Watu wakishazoea, tutamwambia Severini ukweli na wewe utatoka nje."

Brigitha alikubali. Tukimwuliza leo kwa nini, atasema alikubali kwa sababu aliyemwomba ni Anselim.

Na ilifanya kazi kuliko walivyotarajia. Osward alikuwa mwepesi wa sikio. Brigitha, sikio moja ameliachia wazi, alikuwa akisema neno kule stoo, na kabla hajavuta pumzi analisikia likirudi kutoka nje, limenenepa, limekuwa la kiume, halafu kelele za watu. Miezi ile ya kwanza ilikuwa ya raha ambayo hakuwahi kuipata popote. Aliwaza majina akiwa anafua, aliwaza akiwa kanisani. Mechi ikiisha Osward alikuwa anapita stoo na mishikaki imefungwa kwenye gazeti.

"Dada Brigitha, bila wewe mimi bubu," alikuwa anasema.

Mwaka uliofuata umeme ukawa wa kubahatisha. Severini alileta jenereta, na kwa kuwa hakukuwa na nafasi kwingine, ikawekwa nyuma ya ukuta wa stoo. Tangu hapo Brigitha hakusikia tena kinachosemwa nje. Masikioni alikuwa na mlio wa gemu, na ukutani ngurumo ya jenereta. Alisema maneno yake yakaenda, basi. Kwamba yamefika alijua baadaye, mtaani, akisikia watoto wanaitana Gunia la Mchombe, au wanawake sokoni wakisema fulani kapokea kama Shemeji. Baada ya Pasaka Osward aliacha kupita stoo. Alikuwa na haraka siku hizo, watu wanamsubiri, watu wanataka kumsalimia. Kuna vichekesho ambavyo Brigitha alivitunga akavipenda sana, lakini mtaani hakuvisikia. Alidhani Osward ameviona havifai, na alikubali kwamba kila mtu na kionjo chake.

Fainali iliwekwa Nane Nane, sikukuu ya wakulima, alasiri. Upande wa shamba la miwa alikuja Nickolaus, karani wa mizani, ambaye hakuwahi kufungwa. Upande wa Ifakara alikuwa Mabula, kijana mpole ambaye wazazi wake walihamia Idete na ng'ombe kutoka Usukumani, na ambaye anaweza kucheza gemu mwanzo hadi mwisho bila kubadilisha uso. Na habari kubwa zaidi ilikuwa kwamba kuna mtu wa redio kutoka Dar es Salaam, moja ya zile redio mpya za watu binafsi, amefika na kinasa sauti chake. Amesikia habari za Ifakara. Anataka kurekodi mpira huu wa ajabu na kuurusha Jumamosi inayofuata.

Brigitha hakulala vizuri wiki ile kwa kufikiri. Alimtungia mshambuliaji wa Nickolaus jina jipya, Mnyapara, mtu anayesimama pembeni mikono kiunoni wenzake wanakata miwa, halafu siku ya mshahara anatokea wa kwanza. Alimsimulia Anselim wakiwa wanakula. Anselim alicheka kidogo, akainama kwenye sahani yake.

"Hujalipenda?"

"Zuri, dada," alisema Anselim. "Zuri sana."

Siku ilipofika, Brigitha alivaa gauni lake la kanisani kwenda kukaa stoo ambako hakuna atakayemwona. Alivaa hedifoni, akaweka maiki karibu na mdomo. Aliposikia filimbi ya gemu akaanza.

"Mabula anaanza taratibu, kama mtu anayeswaga ng'ombe, hana haraka, ng'ombe wenyewe watafika. Anatoa kulia. Nickolaus anazuia. Mnyapara kasimama, kashika kiuno, anasema fanyeni haraka nyie. Mpira umemfika. Sasa anakimbia, oneni anavyokimbia, leo ni siku ya mshahara."

Nickolaus alitangulia kufunga. Mabula akarudisha. Brigitha alitokwa jasho mpaka hedifoni zikawa zinateleza. Hakuwahi kutangaza vile. Maneno yalikuja yenyewe, moja likivuta lingine, na aliwaza juu ya wale watu wa Dar na wa Tabora na wa popote, wanaume kwa wanawake, watakaokaa Jumamosi karibu na redio zao wakicheka kwa alichokisema yeye hapa, kwenye chumba cha magunia. Dakika za mwisho kabisa Mabula alimtoa Dereva wa Kivukoni pembeni, akapita mmoja, akapita wa pili, na mara hii akatoa pasi.

"Ameshusha," Brigitha alisema, sauti imekatika. "Jamani, leo Dereva ameshusha abiria." Na mpira ukaingia.

Alivua hedifoni akajifuta machozi kwa kiganja. Kisha akatoka nje. Watu walikuwa wamembeba Mabula, wengine wamembeba Osward. Jirani yake Wilhelmina, muuza karanga, alikuwa amesimama pembeni na ungo wake umemwagika na hajali.

"Mnyapara mmemwonaje?" Brigitha alimwuliza, huku anatabasamu.

"Mnyapara gani?"

"Yule mshambuliaji wao. Wa siku ya mshahara."

"Osward alimwita Karani," alisema Wilhelmina. "Muda wote Karani, Karani. Tumecheka sana. Kwani wewe hukuwepo?"

Brigitha alipenya katikati ya watu hadi kwenye meza ya Anselim chini ya bati. Anselim alikuwa anakunja nyaya. Kisanduku kilikuwa bado wazi mbele yake. Swichi ya mtangazaji ilikuwa juu. Za wachezaji zilikuwa juu. Ya kwake, ya mwisho kulia, ilikuwa chini.

"Umeizima sasa hivi?"

Anselim aliendelea kukunja waya.

"Anselim. Nakuuliza. Umeizima sasa hivi?"

"Hapana, dada."

"Tangu lini?"

"Osward ndiye aliyeniomba. Alisema ukiongea sikioni mwake unamchanganya, ameshajua mwenyewe namna ya kutangaza. Na kweli amejua, dada, umemsikia mwenyewe."

"Sijamsikia. Nilikuwa stoo naongea. Tangu lini?"

"Pasaka," alisema Anselim.

Watu walikuwa wanaimba nyuma yao. Brigitha alishika ukingo wa meza. Alianza kuzikumbuka zile jioni zote za toka Aprili, za Mei, za Juni, alivyokuwa anatoka nyumbani mapema ili asikose mwanzo, alivyokuwa ananywa maji ya tangawizi kulinda koo. Anselim alikuwa anatoka naye mlango mmoja. Walitembea pamoja, wakafika, naye akakaa kwenye meza hii akaiacha swichi chini, na mechi ikiisha wakarudi pamoja.

"Kwa nini hukuniambia nibaki nyumbani?"

"Nilishindwa." Kwa mara ya kwanza Anselim aliinua macho. "Nilikuwa nakuona umefurahi, dada. Nikasema nikuache ufurahi."

Hilo ndilo lililomwuma kuliko yote. Kama angesema ni tamaa, au ni hofu ya Severini, angemtukana na yangekwisha. Lakini alisema kwa upole, kama mtu aliyemfanyia hisani.

Asubuhi yake alikwenda nyumba ya wageni alikofikia mtu wa redio. Alimkuta anakunywa chai barazani, kijana mwenye adabu, akamvutia kiti. Brigitha alimweleza yote, bila kulia wala kupandisha sauti. Alimweleza habari za stoo, za laini, za majina. Alisema Dereva ni wake, Gunia ni lake, Shemeji ni wake. Mtu wa redio alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka kinasa sauti juu ya meza.

"Dada, mimi sikatai," alisema. "Hebu nitangazie kidogo nikusikie."

"Hakuna mpira hapa."

"Jifanye upo."

Brigitha alifumba macho. Alimwona Mabula akiswaga ng'ombe wake, akamwona Mnyapara na mikono kiunoni, akatangaza. Mhudumu wa nyumba ya wageni alisimama na birika mkononi akasahau kumimina. Alipomaliza, mtu wa redio alikuwa anacheka kweli, anapangusa jicho.

"Aisee, dada," alisema. "Unamwiga Osward mpaka mtu unasahau. Ungekuwa mwanaume ningesema ni ndugu yake."

Alizima kinasa sauti, akamwitia chai. Brigitha alishukuru, akasema ameshakunywa.

Osward alipata kazi redioni. Alimwambia mtu wa redio kwamba ana fundi wake, na Anselim naye akachukuliwa. Jumapili jioni Anselim alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi, na Brigitha alikuwa amekaa kitandani kwake anamtazama. Osward alikuja mpaka uani lakini hakuingia. Alikohoa tu, akasema basi ni la alfajiri, akaondoka.

"Nikifika nitawaambia ukweli," alisema Anselim. "Nikishazoeana nao. Nitawaambia nina dada yangu."

"Usiwaambie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hutawaambia, na mimi nitakuwa nakaa nasubiri."

Anselim alifunga begi. Alipiga magoti mbele yake kama alivyozoea kufanya tangu utotoni akisafiri, akainamisha kichwa ili awekewe mkono.

"Unisamehe, dada."

Brigitha alikitazama kile kichwa. Alikuwa amekinyoa mwenyewe kwa wembe miaka na miaka, anakijua kila kovu. Mkono ulikuwa umelala pajani kwake, na haukunyanyuka. Anselim akasimama, akajipangusa magoti.

"Usiku mwema," alisema.

"Na wewe."

Mavuno yalipokuwa yamekwisha na Ifakara imekauka, Severini alifika nyumbani kwa Brigitha. Alikuja mwenyewe, kwa baiskeli, akapewa kiti. Watu walikuwa wamepungua bandani. Alimjaribu mtangazaji mmoja, akamjaribu mwingine, hakuna kitu. Alisema sasa amefikiri, hana tena neno na mwanamke kushika maiki.

"Watu wamemkosa Osward," alisema. "Na wewe nasikia unaweza kabisa kutoa kama yeye. Sauti tu ndiyo tofauti."

"Mzee, nani kakwambia naweza kutoa kama yeye?"

"Mhudumu wa nyumba ya wageni. Anasema alikusikia."

Brigitha alitazama chini, akachora mstari kwenye vumbi kwa kidole cha mguu, kisha akaufuta. Alimwambia kwamba anahamia Mchombe, shamba la mama limekaa bila mtu muda mrefu. Alikuwa hajapanga hivyo. Aliamua hapo hapo wakati anasema, na wiki iliyofuata alikuwa ameshahama.

Msimu huo mpunga ulikubali. Brigitha alilima na mwanamke wa jirani aliyeitwa Odilia, wanasaidiana kupalilia, wanasaidiana kuvuna. Odilia alikuwa mjane, msemaji sana, na alikuwa na redio ndogo aliyokuwa anaitundika kwenye mti kila aendako. Hakumjua Brigitha wa Lipangalala. Alimjua huyu anayelima, asiyeongea sana.

Jumamosi moja walikuwa wanaanika mpunga juu ya turubai mbele ya nyumba, na redio ikaanza kutangaza mechi, ya uwanjani, mechi ya kweli. Sauti nzito ilijaa uwanja mzima wa nyumba. Odilia alisimama na reki mkononi, akacheka, akacheka tena.

"Huyu bwana si mtu wa huku kwetu?" alisema. "Wanasema alianzia Ifakara. Unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Anajua kuongea, jamani. Utafikiri alizaliwa anaongea."

"Anajua," alisema Brigitha.

Upande wa milima ya Udzungwa wingu lilikuwa limeanza kushuka, na upepo ulileta harufu ya mvua. Brigitha aliinama akashika ncha mbili za turubai.

"Shika huko," alimwambia Odilia. "Tukunje kabla haujalowa."